Safu ya Lugha: Uwiano si Wingi wa Viti

Neno uwiano limetokana na kitenzi wia, yaani kudai, ambacho kimezaa wiana. Katika uchaguzi, uwiano ni chama au kundi kupata viti kwa kadiri ya kura zake. Siku hizi neno hili hubandikwa kila eneo la uchaguzi linalotoa wabunge zaidi ya mmoja. Hilo ni kosa.

Arizona, Marekani, ina maeneo 30 ya uchaguzi, na kila moja huchagua wajumbe wawili wa Baraza la Wawakilishi la jimbo. (Kuyaita maeneo hayo majimbo, kama Tanzania, ni kumchanganya msomaji, kwa kuwa Arizona yenyewe ni jimbo.) Mpiga kura ana kura mbili, lakini hawezi kumpa mtu mmoja zote. Kundi lenye asilimia 60, likipiga kura kwa pamoja, huzoa viti vyote viwili, na asilimia 40 hutoka mikono mitupu. Mfumo huo unafaa kuitwa kura ya mkupuo.

Illinois, kuanzia katiba ya 1870 hadi marekebisho ya 1980, ilitumia kura za kulimbikiza: viti vitatu, kura tatu, ruhusa ya kumrundikia mgombea mmoja zote. Hapo kundi lililozidi robo kidogo lilijihakikishia kiti. Hiyo nayo ni nusu uwiano tu, maana chama kikikosea kugawa kura zake, hupoteza kiti kilichokistahili.