Karate ya Watu Wazima: Okinawa Kabla na Baada ya Mwaka 1901

Okinawa, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Ryukyu, kilikuwa kitovu cha ufalme uliodumu hadi mwaka 1879, serikali ya Tokyo ilipoufuta na kukifanya kisiwa hicho kuwa mkoa wa Japani. Ufalme huo, ambao tangu mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa chini ya mabwana wa Satsuma wa kusini mwa Japani huku ukiendelea kupeleka zawadi za utii kwa watawala wa China, uliishi kwa biashara ya bahari, na wajumbe, wafanyabiashara na wanafunzi wake walikuwa na makazi yao katika bandari ya Fuzhou. Kwa njia hiyo mbinu za mapigano za kusini mwa China zilifika kisiwani, zikachanganyika na za wenyeji, na mchanganyiko huo ndio uliokuja kuitwa karate.

Iko hadithi inayopendwa sana kwamba sanaa hiyo ilibuniwa na wakulima walionyang'anywa silaha, wakalazimika kuwakabili wapanda farasi wa Satsuma kwa mikono mitupu. Hadithi hiyo ni tamu, lakini majina yaliyohifadhiwa hayaiungi mkono, kwa kuwa mabingwa wanaojulikana wa karne ya 19 wengi wao walitoka katika tabaka la watumishi wa mfalme lililoitwa pechin, yaani maofisa wa ngazi ya kati waliokuwa na elimu, cheo na nafasi ya kujifunza. Matsumura Sokon alikuwa mlinzi katika jumba la kifalme la Shuri, na mwanafunzi wake Itosu Anko, aliyezaliwa mwaka 1831, alikuwa karani wa serikali. Hawa walikuwa watu wenye kazi, waliofanya mazoezi baada ya saa za kazi.

Hali hiyo inaeleza mengi kuhusu jinsi mafunzo yalivyokuwa kabla ya karne ya 20. Hapakuwa na darasa, sare wala mkanda. Mwanafunzi alimfuata mwalimu nyumbani kwake, mara nyingi usiku, akafundishwa uani peke yake au pamoja na wenzake wachache. Funakoshi Gichin, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufanya kazi ya ualimu wa shule, aliandika baadaye kwamba alikuwa akitembea kwa mwanga wa taa ya mkono kwenda kwa mwalimu wake Azato Anko, na kwamba alirudia kata moja kwa miezi mingi kabla ya kuruhusiwa kuendelea na nyingine. Kata ni mfululizo wa mapigo, kinga na hatua uliopangwa kwa utaratibu usiobadilika, ambao mtu huufuata peke yake kana kwamba amezingirwa na maadui. Aliyemiliki kata mbili au tatu hakuhesabiwa kuwa na elimu pungufu, kwani mtu alipimwa kwa kina cha alichokijua.

Mfano ulio wazi zaidi wa kina hicho unapatikana katika mji wa bandari wa Naha, kwa Higaonna Kanryo, aliyezaliwa mwaka 1853 katika ukoo uliofanya biashara ya kuni na ambaye akiwa kijana alivuka bahari kwenda kujifunza Fuzhou. Aliporudi alifundisha kwa msingi wa kata iitwayo Sanchin, ambayo kwa mtazamaji asiyejua haina la kuvutia hata kidogo. Mtu husimama mguu mmoja ukiwa mbele kidogo, vidole vya miguu vimeelekezwa ndani, magoti yamekunjwa kiasi, nyonga zimeinuliwa kwa mbele, kisha husogea hatua chache tu kwenda na kurudi huku akipiga ngumi polepole na kupumua kwa sauti kutoka chini ya tumbo. Kazi yenyewe haionekani kwa nje. Mwalimu humzunguka mwanafunzi aliyevua shati, akambonyeza mabega kuona kama yamepanda, akampiga kwa kiganja mgongoni, ubavuni na mapajani ili kuhakiki kwamba misuli imekaza pale inapotakiwa, na akamsukuma kujua kama miguu imeshika ardhi. Wanafunzi wa Higaonna walisimulia kwamba wengi walianza na Sanchin na kubaki nayo kwa miaka, na kwamba waliokata tamaa walikuwa wengi kuliko waliobaki.

Sambamba na kata kulikuwa na vyombo. Makiwara ni ubao mrefu uliochimbiwa ardhini, wenye kufungwa kamba za mabua ya mpunga upande wa juu, nao hupigwa ngumi kila siku ili kujenga mkono, kiwiko na kiuno kwa pamoja. Chi ishi ni jiwe lililopachikwa kwenye ncha ya mpini, huzungushwa kwa mkono mmoja, na kwa kuwa uzito wote uko upande mmoja, kiganja na kifundo cha mkono hulazimika kufanya kazi ambayo chuma cha kunyanyulia cha siku hizi, chenye uzito sawa pande zote mbili, hakiidai. Nigiri game ni mitungi miwili inayobebwa kwa kushikwa mdomoni kwa ncha za vidole, na mchanga huongezwa ndani kadiri nguvu zinavyopatikana. Vyombo hivi vina sifa moja inayomfaa mtu mzima kuliko kijana, nayo ni kwamba mzigo hufuata uwezo wa mwenye kuutumia, bila kulazimika kuendana na mwenzake aliye kando.

Mwaka 1901 ndipo mambo yalipogeuka, na aliyeyageuza ni Itosu, wakati huo akiwa na umri wa takriban miaka 70. Japani ilikuwa imekwisha kuanza kuwaandikisha vijana wa Okinawa jeshini, na wakuu wa elimu walitafuta njia ya kuimarisha miili ya wanafunzi. Itosu aliingiza karate katika shule ya msingi ya Shuri, kisha miaka michache baadaye katika shule ya kati ya mkoa na chuo cha ualimu. Watoto wengi hawawezi kufundishwa kama alivyofundishwa mtu mmoja uani, kwa hiyo alitunga kata tano fupi ziitwazo Pinan, akaficha au kupunguza mbinu zilizo hatari, na mafunzo yakachukua sura ya gwaride: safu zilizonyooka, mwalimu mbele, hesabu kwa sauti, watu wote wakipiga kwa pamoja. Sehemu kubwa ya kile ambacho leo huitwa karate ya jadi katika kumbi za dunia nzima ilizaliwa hapo, katika uwanja wa shule, na si katika ua wa mlinzi wa mfalme.

Ajabu ni kwamba Itosu mwenyewe hakuacha kuifikiria karate kama jambo la maisha yote. Katika barua aliyoiandika mwezi Oktoba 1908, yenye mafundisho kumi, alisema kwamba mtu akifanya mazoezi saa moja au mbili kila siku, baada ya miaka mitatu au minne mwili wake utakuwa tofauti na wa watu wa kawaida. Akashauri makiwara ipigwe kati ya mara 100 na 200. Na akamalizia kwa hoja kwamba mabingwa wengi wa zamani waliishi miaka mingi kwa sababu mazoezi hayo hujenga misuli, husaidia tumbo kusaga chakula na huendesha damu vizuri. Barua hiyohiyo iliyotetea karate ya watoto ndiyo iliyoacha utetezi bora wa karate ya wazee.

Kutoka Okinawa kwenda Tokyo, safari ya karate iliongozwa na watu wazima wa umri wa makamo. Funakoshi alikuwa na miaka zaidi ya 50 alipoonyesha karate Tokyo mwaka 1922, akabaki huko akiishi katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, ambako alifagia ua na kulinda mlango ili apate riziki. Motobu Choki, mtu wa tabia tofauti kabisa na mwenye sifa ya kupigana mitaani tangu ujanani, alikuwa naye amepita miaka 50 alipomwangusha mpiganaji wa kigeni katika pambano la Kyoto, na jarida la Kingu likaisambaza habari hiyo mwaka 1925, ingawa mchoraji alimchora Funakoshi mahali pa Motobu. Uhasama uliokuwapo tayari kati ya wawili hao haukuhitaji kuni zaidi.

Tokyo ilikuwa na mtindo wake wa kupanga mambo. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alikuwa amekwisha kuunda madaraja yaitwayo dan na mkanda mweusi, na Funakoshi aliyachukua yote mawili pamoja na sare nyeupe, akatoa dan za kwanza za karate mwaka 1924. Wanafunzi wake wapya walikuwa vijana wa vyuo vikuu, wenye miaka michache tu ya kukaa chuoni na nguvu nyingi za kutumia. Kwa ajili yao misimamo ilirefushwa, mateke yakapanda juu, na hamu ya kushindana ikakua hadi mashindano ya taifa yakaanza mwaka 1957.

Naha haikufuata mwendo huo mara moja. Miyagi Chojun, mrithi wa Higaonna na mwasisi wa mtindo wa Goju-ryu, alifundisha polisi na wanafunzi wa vyuo, lakini hadi kifo chake mwaka 1953 hakumpa mtu yeyote dan. Vita vya Okinawa vya mwaka 1945 vilimpokonya watoto wake kadhaa pamoja na mwanafunzi aliyetarajiwa kumrithi, na waliobaki walifanya mazoezi katika ua wa nyumba yake, chini ya anga, kwa vyombo vilevile vya mawe na mitungi. Madaraja yaliingia baada yake, na mkanda mweusi wa Goju-ryu unaosakwa leo kote duniani hutolewa katika mtindo ambao mwasisi wake hakutoa mkanda huo kamwe.

Wanajeshi wa Marekani waliokaa Okinawa baada ya vita waliharakisha mambo zaidi, kwa kuwa mtu aliyebakiwa na mwaka mmoja au miwili kabla ya kuhamishwa alitaka mtaala wenye mwisho unaoonekana. Kupitia Wamarekani pia Goju-ryu ilifika Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ilipofundishwa na Mmarekani Mweusi Nantambu Camara Bomani, na wapenzi wa mtindo huo nchini Tanzania wameendelea kushikilia uhusiano na Okinawa kuliko na Tokyo.

Mtu anayeanza karate akiwa na miaka 40, akiwa na kazi, familia na goti lisilopenda mateke ya juu, kwa kawaida huambiwa kwamba amechelewa. Kwa kipimo cha vyuo vikuu vya Tokyo hilo ni kweli. Kwa kipimo cha Shuri na Naha za karne ya 19 si kweli, maana kata chache, mazoezi ya peke yake na mzigo unaopimwa kwa uwezo wa mtu ndiyo yaliyokuwa masharti ya kawaida. Katika dojo, yaani kumbi za mazoezi, za mitaani za Naha, ambazo nyingi ziko ghorofa ya chini ya nyumba ya mwalimu, utaratibu huo haujatoweka: wanafunzi huingia jioni kila mmoja kwa wakati wake, huanza na chi ishi au makiwara, na mwalimu hupita kwa mmoja mmoja.

Mwaka 2021 karate iliingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mjini Tokyo, na Kiyuna Ryo wa Okinawa akapata dhahabu ya kata. Sanchin imo katika orodha ya kata zinazoruhusiwa mashindanoni, lakini ni nadra mshindani kuichagua, kwa sababu mwamuzi aliyeketi ukingoni mwa ulingo hana namna ya kukiona kile ambacho mwalimu wa Naha hukipima kwa kiganja.