Vijazo vya usemi na namna za kuitana mjini Bujumbura

Vijazo vya usemi ni vineno vifupi ambavyo msemaji huvitia katika maneno yake ili kufungua swali, kujipa nafasi ya kufikiri au kumvuta msikilizaji karibu. Mjini Bujumbura vineno hivi huenda pamoja na namna za kuitana, na vyote viwili hutegemea umri na cheo cha anayeambiwa. Kirundi ndiyo lugha ya wote. Kifaransa kilishika ofisi na shule tangu enzi za Wabelgiji. Kiswahili kina makao yake ya zamani Buyenzi, mtaa wa Waislamu, mafundi na wachuuzi, na husikika pia Bwiza na masokoni.

Swali la Kirundi huanza na «mbe» au «mbega», ambavyo kazi yake inakaribia ile ya «je» ya Kiswahili. «None» hurudisha mazungumzo kwenye hoja, kama mtu asemapo «sasa je?», na «rero» hufunga hoja kama «basi». «Erega» humkumbusha msikilizaji jambo alilopaswa kulijua. «Ngo» ni ndugu wa «eti»: anayeitanguliza ameshajitoa katika dhamana ya habari anayoieleza. Mswahili aangalie «kumbure»: sikio lake litasikia «kumbe», lakini maana yake ni «huenda».

Kineno kinachostahili maelezo marefu zaidi ni «sha». Huwekwa mwishoni mwa kauli baina ya marafiki na watu wa rika moja, au mkubwa anaposema na mdogo, nacho huleta ukaribu kama «bwana» ya Kiswahili katika «njoo bwana». Ila «bwana» hiyo yaweza kuvumiliwa na mzee. «Sha» haipandi kwa mkubwa. Kijana akimwambia baba mkwe «ego sha», yaani «ndiyo, bwana», hakuna atakayedhani kwamba ameteleza ulimi tu. Ombi kwa mkubwa hulainishwa kwa «nyabuna», yaani «tafadhali».

Heshima hukaa pia katika kitenzi. Mtu mmoja anayeheshimiwa husemeshwa kwa wingi: rika huambiwa «urakoze», mzee huambiwa «murakoze», yote yakiwa «ahsante».

Jina linapogeuka mwito, irabu ya mwanzo huanguka: umushingantahe huitwa «Mushingantahe!» Bashingantahe walikuwa wazee wa busara waliosimikwa kuamua kesi za jirani, na jina lao limetokana na intahe, fimbo ya hukumu. Leo hata mtu asiyesimikwa huitwa hivyo kwa adabu, na hotuba za hadhara hufunguliwa kwa «bapfasoni, bashingantahe», yaani mabibi na mabwana. Mwanamke aliyezaa huitwa «muvyeyi», mzazi. Mke hutajwa kwa jina la mume, kama «muka Minani». Jina la ukoo halisaidii sana, kwa kuwa kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe: Minani ni wa nane kuzaliwa, Bukuru na Butoyi ni mapacha, Ciza ndiye anayewafuata. Mwito wa Kiswahili «mzee» umeingia katika Kirundi kama «muze».

Mwanaanthropolojia wa Marekani Ethel Albert, aliyeishi Burundi katika miaka ya 1950, aliandika mwaka 1964 kwamba katika kikao mkubwa ndiye atangulizaye kusema, na wengine hufuata kwa daraja zao. Desturi hiyo ndiyo inayoeleza uzito wa vineno hivi. Ambaye zamu yake haijafika hana maneno mengi ya kuonyesha adabu. Ana mwito wake na kiambishi cha wingi tu, na hivyo ndivyo atakavyopimwa.

Mgeni asiyejua umri wa anayesema naye na atumie wingi. Hakuna anayeudhika kwa kuambiwa «mwaramutse» badala ya «waramutse».