Wavu Uliomeza Uwanja

Gofu ni mchezo wa ardhi kabla haijawa mchezo wa fimbo na mpira. Uwanja wa mashimo 18 hula hekta 50 au 60, mara nyingi hata zaidi, na kwa karne nyingi hakuna aliyeuliza zinatoka wapi. Mchezo ulikulia mahali ambapo ardhi haikuwa na mgombea: michanga ya pwani ya Scotland, katikati ya bahari na mashamba, isiyofaa kwa jembe ila kwa malisho ya kondoo. Bunge la Scotland lilipoipiga gofu marufuku mwaka 1457, lilichokitetea ni mazoezi ya upinde. Ardhi haikuwa hoja. Kwa hiyo anayetaka kujua ilikuwaje mchezo huu mpana ukaja kuchezwa ndani ya gereji, hatua chache kutoka ukutani, asianzie kwenye kompyuta. Aanzie pale ardhi ilipoadimika. Hapo atakikuta kitu ambacho wanahistoria wa michezo hukipita bila hata salamu: wavu.

Pale ni Japani. Karibu robo tatu ya nchi hiyo ni milima, na tambarare chache zilizobaki zimegawanywa kati ya mpunga, viwanda na makazi. Gofu ilifikishwa huko na wageni. Mfanyabiashara Mwingereza, Arthur Groom, alichonga mashimo manne juu ya Mlima Rokko mwaka 1901, na miaka miwili baadaye ikazaliwa Klabu ya Gofu ya Kobe. Kwa nusu karne ilibaki kuwa starehe ya wachache. Kisha Oktoba 1957 Wajapani Torakichi Nakamura na Koichi Ono wakalitwaa Kombe la Kanada, mashindano ya timu za mataifa, katika uwanja wa Kasumigaseki, nyumbani kwao, mbele ya akina Sam Snead wa Marekani, na televisheni ikauonyesha ushindi huo. Watu wakataka kucheza, lakini viwanja vya kuwatosha havikuwapo. Baadaye, bei za ardhi zilipopaa katika miaka ya 1980, uanachama wa klabu ukawa unanunuliwa na kuuzwa kama hisa, na klabu zilizotajika zilidai mamia ya mamilioni ya yeni.

Mijini jibu likawa kuusimamisha uwanja wima. Kiwanja cha mazoezi cha Shiba, karibu na Mnara wa Tokyo, kilipanga wachezaji katika ghorofa tatu, wote wakipiga kuelekea upande mmoja, na kuzunguka eneo lote kukasimama nguzo za chuma zenye nyavu za kijani ndefu kuliko nyumba za jirani. Viwanja vya namna hiyo vikaenea kwa maelfu. Mpira uliotakiwa kuruka mita 200 ulikamatwa njiani, na kitongoji kikaendelea na shughuli zake upande wa pili wa wavu. Wala haishangazi kwamba jambo hili lilifana katika nchi ya wavuvi. Ni Wajapani waliobuni wavu wa mashine usio na mafundo, kwa ajili ya samaki, na nailoni na ndugu zake zilipoingia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda kilichosuka wavu wa bahari hakikuhitaji kujifunza kazi mpya ili kusuka wa gofu. Kilichobadilika ni jicho la wavu tu. Sheria za gofu hazikubali mpira wenye kipenyo chini ya milimita 42.67, basi jicho likiwa dogo kuliko hapo, mpira haupiti.

Mtu anaweza kupinga: Waingereza na Wamarekani nao walipiga mipira kwenye nyavu na turubai za ndani tangu zamani, na ardhi wanayo. Ni kweli, lakini pingamizi hili lanisaidia kuliko linavyonidhuru. Wao walikosa majira. Theluji ikifunika nyasi, mchezaji alijificha ndani akingoja kiangazi, na wavu ulikuwa chumba cha kungojea tu. Katika miji ya Japani hakukuwa na kiangazi cha kungoja. Walitokea wapenzi wa gofu wanaokwenda kwenye nyavu kila wiki na ambao uwanja halisi waliukanyaga mara chache mno, wengine hawakuwahi kabisa. Huko wavu haukuwa tena mbadala wa uwanja; ulikuwa ndio uwanja.

Ila wavu mkubwa ni tanga, na tanga lisiloshushwa wakati wa dhoruba huangusha mlingoti. Kila baharia wa jahazi analijua hilo, na wenye viwanja wa Japani nao walilijua: nyavu zao nyingi hupandishwa na kushushwa kwa kebo na winchi, upepo ukizidi zinateremshwa. Tarehe 9 Septemba 2019 kimbunga Faxai kilipiga mji wa Ichihara, mkoa wa Chiba, na nguzo za kiwanja kimoja zikaangukia nyumba zaidi ya kumi, wavu ukiwa bado juu. Somo la ufundi hapa ni la zamani kuliko tukio lenyewe: wavu mzuri wa gofu ni ule unaoweza kuondoka njiani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wapo wasemao kwamba gofu ya ndani ni tunda la kompyuta, na wataitaja Korea Kusini, ambako kampuni ya Golfzon, iliyoanzishwa mwaka 2000, iliijaza miji vyumba vya kucheza mbele ya skrini kama vile vya karaoke. Siwapingi kuhusu umaarufu; nawapinga kuhusu mfuatano. Wavu ulikuwa umekwisha kuufupisha mchezo, na kwa kufanya hivyo ulimnyang'anya mchezaji furaha yake kubwa, kuuona mpira ukienda. Vipimio na picha vilikuja kumrudishia safari ile kwa hesabu: kasi, pembe na mzunguko vinapimwa katika sentimita za mwanzo, na zinazobaki zinachorwa. Kompyuta ilitibu jeraha lililoachwa na wavu. Bila jeraha, dawa isingekuwa na mnunuzi.

Katika gereji ya nyumbani uhaba ni uleule, umepungua tu ukubwa. Anayegombea nafasi sasa ni gari, na wavu ulioshushwa kwa ajili ya upepo huko Japani hapa unateleza pembeni kama pazia, pete zikikimbia juu ya kebo iliyokazwa ukuta kwa ukuta. Urahisi wake unadanganya. Wavu wa kilo tatu kwenye kebo ya mita nne, ukitaka kebo ilegee sentimita mbili tu, huvuta kila ukuta kwa nguvu ya uzito wa kilo 75 hivi. Ukiiachia ilegee sentimita kumi, kilo 15 zinatosha, ila pete hazitateleza vizuri. Wavu wenyewe unataka kinyume cha kebo. Mpira wa gramu 46 unaokwenda mita 60 kwa sekunde, ukisimamishwa ndani ya sentimita tano, husukuma kwa wastani wa kilo 170 na kumrudia aliyeupiga. Ukipewa nusu mita ya kulegea, kilo 17 tu, kisha unaanguka chini taratibu. Ndiyo maana mafundi huikaza kebo, wakauacha wavu uning'inie na mikunjo, ncha yake ikiburutika sakafuni. Mchezo ukiisha unasukumwa hadi kona, na gari linaingia.