Moto wa Mhunzi: Makala au Gesi?

Kuna kikundi kidogo cha vijana hapa Dzaleka wanaopenda kufua chuma. Si kazi yao ya kula. Wengine bado wako shule, mmoja ananyoa nywele, mwingine anatengeneza simu. Wanaangalia kwenye simu Wamarekani wakifua visu katika kijitanuru cha gesi, kisafi kama jiko la hotelini, halafu wanakuja kuniuliza: kaka, tutafute mtungi wa gesi au tubaki na makala? (Kwa wageni wetu wa mashirika: makala ndiyo mkaa. Wakongo tunasema makala, Wachewa nao wanasema makala. Watanzania wanatucheka, maana kwao makala ni hiki unachokisoma sasa.)

Linaonekana ni swali la ufundi tu, lakini mimi naliona ni la historia. Ukiangalia vizuri, mhunzi hakuwahi kuchagua moto wake peke yake. Aliyemchagulia ni msitu, ni barabara, na ni serikali.

Tuanzie kwetu. Katika bonde la Upemba, kule Katanga, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la zaidi ya miaka 1,000 ambamo marehemu alizikwa na fuawe ya chuma. Rwanda, mwaka 1969, kaburi la mwami Cyirima Rujugira lilifunguliwa, na ndani zilikuwemo nyundo za chuma. Mfalme na mhunzi walikaa karibu sana. Mrundi akisema umucuzi, Mchewa akisema wosula, Mswahili akisema mhunzi, wote wanamsema mtu mmoja aliyeheshimiwa na kuogopwa kidogo.

Huyo mtu alitumia makala. Kagera, upande wa Tanzania, wazee wa Kihaya walijenga tena tanuru la zamani mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, nao wakaandika habari zake mwaka 1978. Wazee waliingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuru, hewa ya mivukuto ikapata joto humo kabla ya kufika kwenye moto. Ni akili kubwa, na mizizi yake inakaribia miaka 2,000. Lakini Schmidt huyohuyo alieleza pia kwamba uyeyushaji ulikula misitu ya Buhaya. Kwa hiyo anayesema kwamba mambo ya miti na makala yameanza na wakimbizi, mwambie aongeze kusoma.

Na hapa Malawi? Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1865 juu ya safari ya Zambezi, anasimulia kuona tanuru la udongo karibu kila kijiji cha tatu au cha nne. Si lazima umwamini Mzungu peke yake. Kasungu, wilaya inayopakana na Dowa yetu, na kaskazini kwa Waphoka karibu na Nyika, kulikuwa na tanuru refu liitwalo ng'anjo. Halikuhitaji mivukuto: liliachwa livute hewa lenyewe, siku baada ya siku, kwa sababu ya urefu wake. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye tanuru dogo lenye mivukuto kusafishwa. Nikolaas van der Merwe na Avery waliandika hayo mwaka 1987, baada ya wazee waliokumbuka kazi kuwajengea. Dawa ziliwekwa pia chini ya tanuru. Wengine wanaona ni uchawi. Mimi naona mtu aliyechoma makala ya wiki nzima ana haki ya kuombea kazi yake.

Basi nini kiliua ng'anjo? Majembe ya bei rahisi kutoka Uingereza. Na Waingereza wenyewe walikuwa wametoka kwenye makala: mwaka 1709 Abraham Darby, pale Coalbrookdale, aliyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kuondoa uchafu, wakati makala ya miti yalikuwa ghali. Kuanzia hapo chuma chao kikawa kingi, kikavuka bahari, kikafika hadi kwa bibi zetu mashambani. Uyeyushaji ukafa, mhunzi akabaki. Akahamia kwenye springi za gari na nondo, na mpaka leo ndiyo malighafi yetu.

Gesi ni mtoto wa juzi. Propeni ilitambuliwa Marekani mwaka 1910. Kule, wanaopigilia farasi viatu waliipenda kwa sababu tanuru linapanda kwenye gari na kumfuata farasi alipo. Halafu wapenda kufua wakaongezeka, hata mwaka 1973 wakaanzisha chama chao, ABANA. Mtu wa mjini mwenye gereji na majirani wasiopenda moshi, gesi inamfaa kabisa.

Sasa turudi Dzaleka, mahali palipokuwa gereza la kisiasa kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Kambi ilikusudiwa watu elfu kumi na kitu, leo tuko zaidi ya 50,000. Nyumba ni ukuta kwa ukuta, nyingine zimeezekwa nyasi na plastiki. Hapo mambo mawili ya ufundi lazima yasemwe bila kuzungusha.

La kwanza, tanuru la gesi si mtungi tu. Linahitaji matofali au pamba ya kuhimili moto, bana nzuri, na regyuleta ya presha kubwa inayorekebishika. Regyuleta ya jiko la nyumbani haitoshi, na nimesikia vijana wakisema wataiondoa waunge mpira moja kwa moja. Hapana. Hapo utachoma mtaa mzima. Tena mtungi mdogo ukivutwa kwa nguvu unapoa, unaganda nje, na presha inashuka katikati ya kazi. La pili, gesi na makala vyote vinatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usifue ndani ya chumba, hata mvua ikinyesha.

Halafu kuna barabara. Gesi inaingia Malawi kutoka nje, kwa dola. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, na foleni za mafuta kila mtu anazijua. Ukitaka kujaza mtungi, kwa kawaida safari ni Lilongwe, zaidi ya kilomita 40. Na sisi si watu wa kwenda Lilongwe tunavyotaka. Machi 2023 serikali ilitoa amri kwamba wakimbizi wanaoishi nje warudi kambini, na waliofunga maduka mjini tunaishi nao hapa. Moto unaotegemea ruhusa ya kutoka getini unaweza kuzimika siku yoyote.

Makaa ya mawe Malawi inayo, kule Rumphi, lakini ni mbali sana na mengi yanakwenda viwandani. Yanatoa joto kali, yanatoa pia moshi wa kiberiti na mabonge yanayoziba hewa. Kwa majirani zetu hawa, niyaache.

Yanabaki makala. Hayana kiberiti, yanalenga joto pale unapotaka tu, na tanuru lake ni rimu ya gari iliyopakwa udongo, bomba chini, na feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Lakini yana deni. Sheria ya misitu iliyorekebishwa mwaka 2020 iliongeza adhabu kwa wanaochoma na kuuza bila leseni, na msitu wa Dzalanyama unaokatwa ndio unaolinda mito ya maji ya Lilongwe. Kijana anayefua kwa kupenda tu hana sababu ya kuchoma gunia zima. Vunja vipande vidogo, weka moto mdogo kama bakuli, nyunyiza maji pembeni usitambae, tayarisha chuma chote kabla ya kuwasha.

Kwa hiyo jibu langu kwa kikundi ni makala, kwa kipimo. Gesi ningeikubali kwenye karakana ya pamoja, chini ya paa lililo wazi pande zote, kwa kufundisha, maana joto lake ni sawasawa na anayeanza haunguzi chuma ovyo. Ila ndugu zetu wa mashirika, kabla hamjaleta tanuru la gesi kwa picha ya ufunguzi, mtuambie mtungi wa tatu atajaza nani.

Kwa sasa wanafua Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja jioni jua likishuka. Kwenye mwanga mkali chuma kinakudanganya. Gizagiza ndipo unaona vizuri kikitoka wekundu wa damu, kwenda chungwa, kwenda njano ya ndizi mbivu, na hapo ndipo wanapiga.