Yaya, Uzunguni na Lugha ya Mtoto

Kwa hoja kwamba watoto wa Kiafrika ndio ghala la vimelea vya malaria, tawala za kikoloni zilitenga makazi kwa rangi. Dar es Salaam, uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Oysterbay, ambayo leo imo Kinondoni, ikawa Uzunguni.

Uwazi huo haukukizuia Kiswahili. Kila alfajiri kilitoka Uswahilini pamoja na yaya (neno lenyewe ni la Kireno, lililopitia India), kikaingia kwa mlango wa jikoni, kikamfikia mtoto kabla Kiingereza chake hakijakomaa. Wazazi walipata bahari, nafasi na watumishi ambao kwao wasingewamudu. Gharama ilikuja baadaye: mtoto wa miaka saba au minane alipakiwa melini kwenda shule ya bweni Uingereza, na huko Kiswahili chake kikakosa msemaji mwenza.

Kisetla cha walowezi wa Kenya, lugha ya amri, kimeandikiwa mengi. Kiswahili cha watoto hawa, ambacho mara nyingi kiliwapita wazazi wao kwa ufasaha, kimeandikiwa machache mno. Yaya naye alikuwa mzazi. Alimwachia nani mwanawe alfajiri ile?