Umeona Peugeot 504 ya Bei Poa Kaptagat? Cheki Hizi Kwanza

Umepita boma fulani Kaptagat ukaona Peugeot 504 imepaki chini ya mti, mwenyewe anaitisha doo kidogo. Tulia, msee. Hii dinga ya Ufaransa ilitoka 1968, ikabeba Safari Rally 1975 na 1978, so heshima iko. Lakini rahisi kununua si rahisi kukaa nayo.

Logbook: jina liwe la anayekuuzia. Kama ni ya guka na alishaaga, itisha hati za mirathi kutoka korti, la sivyo NTSA hawatakubadilishia jina. Usitoe hata soo kabla ya hapo.

Kutu: inua kapeti, bonyeza sakafu. Mvua ya huku haisamehei.

Injini: iwashe asubuhi ikiwa baridi. Huku juu hewa ni nyepesi, kabureta isiporekebishwa inabugia petroli na kutema moshi mweusi.

Spea: Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopitisha miaka minane, so huwezi agiza ingine uitoe vyuma. Tafuta fundi wa Eldoret anayeijua kwanza, mwende naye. Akitingisha kichwa, rudi na doo zako.