Mgeni Anayesikiliza: Utetezi wa Ofisi Binafsi ya Unasihi

Kila unapozuka mjadala kuhusu ofisi binafsi za unasihi zinazofunguliwa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, hoja moja haikosi: hiyo ni huduma ya Wazungu wasio na ndugu. Sisi tuna shangazi na wajomba, tuna viongozi wa dini, na penye wazee haliharibiki neno. Kwa nini basi mtu mzima mwenye ukoo wake alipe fedha ili amsimulie mgeni habari za nyumbani kwake? Naona hoja hiyo imeisoma vibaya jadi ileile inayodai kuitetea. Jamii zetu zimejua tangu zamani kwamba yapo mambo ambayo ndugu hawezi kuyasikiliza sawasawa, kwa sababu yanamgusa.

Ushahidi wa kwanza ni utani. Mtafiti R. E. Moreau aliandika mwaka 1944 jinsi ulivyoenea baina ya makabila ya Tanganyika, na yeyote aliyehudhuria msiba wa Kingoni au wa Kizaramo ameuona kwa macho. Mtani huingia wakati wafiwa hawana nguvu, akashika kazi ambazo wao haziwaelekei, na akasema mbele ya watu wote maneno ambayo yakitoka kwa ndugu yangezua ugomvi wa miaka. Haki hiyo anaipata kwa kuwa si wa ukoo ule. Kungwi naye ni hivyohivyo. Mama mzazi hakai na binti yake kumfunda mambo ya unyumba. Hutafutwa mwanamke mwingine, mwenye heshima na kifua cha kutunza siri.

Mzee wa ukoo hana nafasi hiyo, hata awe na busara kiasi gani. Tuchukue mfano wa kubuni: mwalimu wa sekondari ambaye mkopo umemwelemea, halali usiku, na ameanza kuichukia ndoa yake mwenyewe. Akimwendea baba mdogo, huyo ndiye aliyesimamia posa na mahari. Ndoa ile ikivunjika, aibu ni yake pia. Akimwendea mchungaji au shehe, watakutana tena ibadani, macho kwa macho, mbele ya mkewe. Mkuu wa shule atawaza vipindi vitakavyokosa mwalimu. Kila mmoja wao anaweza kumpenda kwa dhati, lakini kila mmoja ana cha kupoteza kutokana na jibu atakalolipata mwalimu. Mwanasaikolojia Carl Rogers, katika makala yake ya mwaka 1957, alitaja kumpokea mteja bila masharti kuwa miongoni mwa mambo yanayomwezesha abadilike. Undugu ni kitu kikubwa, lakini umejengwa juu ya masharti.

Sasa tumwingize mwalimu yule ofisini. Viti viwili vimewekwa mshazari, ili atakayelia asilazimike kutazamwa usoni. Saa ya ukutani iko nyuma ya mteja, mnasihi aione bila kuinamia mkono wake. Kabla ya lolote, anaelezwa mipaka ya siri: atakayoyasema hayatatoka humu, isipokuwa uhai wake au wa mwingine ukiwa hatarini. Kwenye jalada hakuna jina lake, kuna namba, na kabati lina kufuli. Kisha analipa. Wengi wanachukizwa na malipo haya, nami nakiri kwamba yanawafungia mlango watu wengi wenye shida. Hata hivyo yana kazi yake: yanamaliza deni. Mwalimu hatadaiwa fadhila kwenye harusi ijayo, wala hatakumbushwa siku ya ugomvi kwamba aliwahi kulia.

Ugeni ninaoutetea ni wa nafasi mtu aliyokaa. Haupimwi kwa shahada wala kwa kodi ya jengo. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha wanawake wazee kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwaongoza kutatua matatizo hatua kwa hatua. Utafiti wa watu 573 katika zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Wale ni mabibi kweli. Lakini hakuna aliyeketi na bibi yake mwenyewe.

Wakosoaji wana hoja moja nzito, na wanasihi wetu hawajaijibu vya kutosha. Unasihi wa mtu mmojammoja ulikuzwa katika jamii ambako mtu mzima anaweza kuwahama nduguze na maisha yakaendelea. Mnasihi anayemshauri mteja wa Tandale akate mawasiliano na familia amemwondolea watakaomuuguza na watakaomzika. Mgeni mwema husikiliza akikumbuka kwamba kikao kikiisha, mteja anarudi nyumbani kwao. Hili linahitaji kufundishwa vyuoni kwa mifano ya hapahapa, na bado halifundishwi kwa uzito unaostahili.

Ila mgeni huyo hawezi kufanya kazi yake ikiwa sheria inamgeuza mteja kuwa mshtakiwa. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitangaza kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakwenda kinyume cha Katiba. Tanzania tumepiga hatua kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mwalimu wetu, siku atakapotaka kusema neno zito kuliko yote, kwamba alijaribu kujiua, atakuwa anakiri kosa la jinai. Atanyamaza, na kunyamaza huko kunaweza kumuua. Wabunge na wanasheria wanaosoma makala hii wanajua utaratibu wa kufuta kifungu. Wakifute hiki.